SIMAMA NJE YA MLANGO: Mwenye Nyumba, Mpangaji na Deni la Kodi

Somo la wiki kwa ibada na vikundi vya nyumbani

Maandiko ya kusoma: Kumbukumbu la Torati 24:10-13, Mambo ya Walawi 19:15, 2 Wafalme 4:1-7, Mathayo 18:15-17

Lengo la somo: Tuelewe kwamba kudai kodi ni haki, lakini njia ya kuidai ina mipaka. Mpaka mmoja umewekwa na Neno, mwingine na sheria ya nchi, na yote miwili inasimama mahali pamoja: mlangoni.

UTANGULIZI

Katika kanisa letu anayedai kodi na anayedaiwa kodi hukaa benchi moja. Mmoja anaomba, "Bwana, nifungulie njia kabla landlodi hajabisha." Mwingine anaomba, "Bwana, huyu mtu alipe ama atoke." Wote wawili wanasema Amina. Leo tuulize Neno linamwambia nini kila mmoja wao.

Ukisema "landlodi", wengi huona tajiri mwenye magorofa. Lakini wengi tunaowajua si hao. Ni mzee aliyestaafu akajenga vyumba vinne kwa pesa yake ya uzeeni. Ni mama aliyechukua mkopo wa sacco akajenga chumba kimoja kimoja, na mpaka leo anaulipa.

Tuchukue mfano. Mama mjane ana ploti ya vyumba sita, kila chumba shilingi 4,500 kwa mwezi. Vyote vikilipwa anapata 27,000. Kati ya hizo, 15,000 zinaenda sacco. Zinazobaki ni za maji, takataka, karo na chakula. Mpangaji mmoja amekaa miezi mitano bila kulipa. Deni limefika 22,500. Mwezi wa kwanza alisema, "Mama, nivumilie, mshahara umechelewa." Mwezi wa pili, "Mama, kuna matanga nyumbani." Mwezi wa tatu simu ikawa mteja. Sasa anatoka saa kumi na moja asubuhi na kurudi saa sita usiku, ili wasikutane. Ana mke na watoto wawili. Wale wapangaji wengine watano wanaangalia. Mmoja ameanza kuuliza, "Kwani huyo halipi na bado anakaa?"

Vijana wa mtaa wamemwambia mama, "Tupatie soo tano tu, tung'oe mlango." Jirani amemwambia, "Weka kufuli lako akiwa kazini." Mwingine wa kanisani amemwambia, "Mama, samehe tu, Mungu atakulipa." Mashauri matatu, na hakuna hata moja linalomsaidia. Tuone kwa nini.

1. KUDAI KODI SI DHAMBI

Kuna mafundisho yamezoeleka kwamba mwenye kudai ndiye mbaya na mwenye kudaiwa ndiye wa kuhurumiwa. Soma Walawi 19:15. Mungu anakataza hakimu kumpendelea mkubwa kwa sababu ni mkubwa. Lakini katika mstari huo huo anakataza pia kumpendelea maskini kwa sababu ni maskini. Haki ni haki. Na kama ni umaskini tunapima, mjane mwenye mkopo wa sacco naye si tajiri.

Zaburi 37:21 inamweka anayekopa na kukataa kulipa katika kundi la waovu. Kumbuka: anayekataa, si anayeshindwa. Hao ni watu wawili tofauti, na mwenye nyumba mwenye hekima hujifunza kuwatofautisha. Aliyeshindwa huja mwenyewe, hata na mia tano mkononi. Aliyekataa huzima simu.

Kwa hivyo mama, usione haya kuuliza kodi yako. Uliza mapema, uliza kwa sauti ya kawaida. Ukinyamaza miezi minne ukidhani ni upole, mwezi wa tano utapasuka kama sufuria iliyofungwa juu ya jiko. Na deni la mwezi mmoja hulipika. La miezi mitano humfanya mtu atoroke.

2. LAKINI SIMAMA NJE

Sasa sikiza andiko letu kuu. Kumbukumbu 24:10-13 inamhusu mtu aliyemkopesha jirani yake na anataka rehani. Mungu anamwambia: usiingie nyumbani mwake kuichukua. Simama nje, yeye mwenyewe ataitoa. Na kama ni maskini na rehani yake ni vazi la kujifunika, mrudishie kabla ya jua kutua, apate kulala.

Tazama vizuri. Mungu hakufuta deni. Mdai bado anadai. Lakini Mungu aliweka mpaka pale mlangoni. Ndani kuna mke wa mtu, watoto wa mtu, aibu ya mtu. Deni la pesa halikupi ruhusa ya kuivua familia nguo mbele ya mtaa.

Utasema, "Lakini hiyo nyumba ni yangu, si yake." Ni kweli, jengo ni lako. Lakini ulipompa ufunguo ulimpa makao, na mpaka upangaji wake uishe kwa njia halali, hayo ni makao yake. Kung'oa mlango, kutoa mabati, kukata maji na stima ili achoke, kufunga kufuli watoto wakiwa shule: hayo yote ni kuvuka mpaka.

Na ukivuka, kibao kinageuka. Sheria ya nchi haimruhusu mwenye nyumba kumfukuza mtu kwa mikono yake. Mpangaji anaweza kukushtaki, na korti inaweza kukuamuru umlipe fidia. Aliyekuwa na deni la 22,500 sasa anakudai wewe! Yule kijana uliyempa soo tano hatakuwa kortini siku hiyo.

3. HATUA KWA HATUA

Mathayo 18:15-17 Yesu alifundisha jinsi ya kumwendea ndugu aliyekukosea: kwanza wawili peke yenu, kisha na shahidi mmoja au wawili, kisha mbele ya kanisa. Utaratibu huo unafaa hata kwa kodi.

Kwanza, peke yenu. Mwende mahali pa utulivu, si kwenye korido wapangaji wote wakisikiza. Uwe na hesabu: mwezi gani kalipa, mwezi gani hajalipa. Muulize swali moja: "Unaweza nini?" Akisema anaweza 1,500 kila wiki pamoja na kodi ya kila mwezi, andikeni, mtie sahihi wote wawili. Hata dipoziti yake zungumzieni, kama bado iko.

Hapa niseme na wenye nyumba kidogo. Wengine hawaandiki risiti wala mkataba kwa kuogopa ushuru. Tangu Januari 2024 ushuru wa kodi za nyumba za watu kuishi ni asilimia 7.5 ya kodi uliyopokea, kwa mwenye kupata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Huyo mama wa mfano wetu, vyumba vyake vikilipwa mwaka mzima, ni 324,000, kwa hivyo yumo. Ukificha vitabu vyako ili usilipe, siku ya kumdai mpangaji utafika mbele ya hakimu mikono mitupu. Huwezi kuikwepa serikali asubuhi na kuiomba msaada jioni.

Pili, mashahidi. Kama mazungumzo yameshindwa, mpe notisi ya maandishi yenye tarehe. Kwa mpangaji wa kulipa kila mwezi ambaye hamna mkataba unaosema vingine, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inataka notisi isiyopungua mwezi mmoja. Baki na nakala. Mwite mzee wa Nyumba Kumi au nenda kwa chifu, mkae mzungumze. Mizozo mingi huishia hapo, kwa sababu mtu anaona haya kudanganya mbele ya watu wanaomjua. Lakini jua kwamba chifu hupatanisha tu. Hana uwezo wa kumtoa mtu nyumbani.

Kama wote ni wa kanisa, njooni kwa wazee wa kanisa kabla ya korti. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa kukimbilia mahakama ndugu kwa ndugu (1 Wakorintho 6). Lakini alisema pia katika mlango huo huo kwamba ni aibu ndugu kumdhulumu ndugu. Ofisi ya mchungaji si mahali pa kuzika deni.

Tatu, mamlaka. Warumi 13 inatufundisha kwamba mamlaka yamewekwa na Mungu, kwa hivyo kuyatumia kwa haki si kukosa imani. Njia ni hizi:

- Nyumba ya kuishi ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi iko chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura 296. Kesi yake huenda kwa jopo la kodi, na huwezi kumtoa mpangaji bila amri.
- Nyumba ya kodi ya juu ya hapo, kama ya mfano wetu, kesi huenda mahakama ya hakimu.
- Duka, hoteli au kibanda cha biashara kilichopangishwa bila maandishi kina sheria yake, Sura 301. Notisi ni ya miezi miwili au zaidi, kwa fomu maalum, na jopo lake ni tofauti.
- Kwa kodi iliyolimbikizwa, Sura 293 inaruhusu mali ya mpangaji kukamatwa. Kazi hiyo ni ya dalali mwenye leseni, si yako wala ya vijana. Dalali huorodhesha mali kwanza na kumpa mpangaji siku 14 alipe.

Ndiyo, ni polepole. Inachosha na inagharimu. Kwa hivyo mama apige hesabu mapema. Wakati mwingine kumwambia mtu, "Hama kufikia mwisho wa mwezi, ulipe nusu, nusu nakuachia," na kuandikishana, kunamwokoa pesa nyingi kuliko kesi ya mwaka mzima na chumba kisicholipa.

4. MPANGAJI, NAWE USIKIE

Wewe unayeishi kwa watu, usitoke kwenye somo hili ukisema, "Haleluya, hawezi kunitoa!" Sheria imekulinda usidhulumiwe. Haikukulinda ili udhulumu.

Mtume Paulo alikuwa mpangaji. Matendo 28:30 inasema alikaa Rumi miaka miwili katika nyumba aliyoipanga kwa gharama yake mwenyewe. Alikuwa chini ya ulinzi wa askari, na bado kodi ilikuwa inalipwa.

Na yule mjane wa 2 Wafalme 4, mdai alipokuja kuchukua wanawe wawili, Mungu alimtendea muujiza wa mafuta. Lakini Elisha alimpa maagizo gani? Alimwambia auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki. Deni lilikuja kwanza, matumizi yakafuata. Wengi wetu muujiza ukija, tunaanza na kinachobaki! Pesa ikiingia M-Pesa tunanunua sofa, halafu tunamwambia landlodi mambo ni magumu. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Walisema pia dawa ya deni ni kulipa. Si kufunga na kuomba ukiwa umezima simu.

Kama kweli umekwama, nenda wewe kabla hujatafutwa. Sema ukweli wote. Lipa kidogo ulicho nacho. Ukiona chumba kimekushinda, hamia cha bei ya chini mchana, ukiaga, si usiku na mkokoteni.

5. NANI HUSAMEHE?

Turudi kwa yule aliyemwambia mama, "Samehe tu." Deni likiwa la 22,500, mwenye haki ya kulisamehe ni yule anayedai. Mimi siwezi kusamehe kwa mfuko wako. Kama kanisa linaona familia hiyo inahitaji rehema, basi tuchange tuilipie kodi ya mwezi. Hiyo ndiyo rehema yenye mikono.

Na wewe mama, ukiamua kusamehe, samehe kwa kusema: "Miezi hii miwili nimekuachia." Ukiamua kudai, dai kwa utaratibu. Kibaya ni kukaa katikati, hujasamehe na hujadai, huku uchungu unaongezeka kila unapoona taa ya chumba hicho ikiwaka. Unaweza kumsamehe mtu moyoni na bado ukampa notisi. Notisi ni ya chumba, chuki ni ya moyo. Usiandike zote mbili kwenye karatasi moja.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Utamtofautisha vipi aliyeshindwa kulipa na aliyekataa kulipa?
2. Soma tena Kumbukumbu 24:10-13. Katika ploti unayoishi au unayomiliki, "kusimama nje" ni kufanya nini?
3. Elisha alisema lipa deni kwanza. Orodha yako ya mwisho wa mwezi inaanza na nini?
4. Je, kuna mtu katika kikundi chetu anayedai au kudaiwa kodi na mtu wa kanisa? Tunaweza kuwakalisha wiki hii?

LA KUFANYA WIKI HII

Mwenye nyumba: nunua kitabu cha risiti, na uandike hesabu ya kila chumba. Mpangaji mwenye deni: mpigie mwenye nyumba kabla ya Jumapili. Usingoje akupigie.

OMBI

Baba, wape wanaodai subira isiyo ya woga, na wanaodaiwa ujasiri wa kusema kweli. Utuzuie kuvuka mlango wa jirani kwa hasira, na utuzuie kujificha nyuma ya mlango kwa hila. Katika jina la Yesu, Amina.