Kombe wa Pwani

Siku za bamvua

Mwezi unapoandama, na pia unapokuwa mpevu, jua, mwezi na dunia hukaribia kuwa katika mstari mmoja. Nguvu za jua na za mwezi huyavuta maji ya bahari kwa pamoja. Kwa hiyo bahari hujaa sana na kupwa sana. Maji hayo huitwa bamvua. Wakati huo ndio ufaao kuokota kombe.

Siku moja ya bamvua Asha na Haji, watoto wa Fumba katika kisiwa cha Unguja, walikwenda pwani pamoja na mama na bibi yao. Walichukua vikapu na vijiti vyenye ncha.

Kombe huishi wapi?

Haji aliutazama mchanga, asione kitu.

"Bibi, mbona kombe hawapo?" aliuliza.

"Wapo, mjukuu wangu. Tazama hapo penye majani ya bahari. Huoni ufa mwembamba?"

Haji alichimbua kwa kijiti, akatoa kombe mmoja. Gamba lake lilikuwa na vipande viwili vyenye mistari iliyoinuka kama matuta ya shamba. Asha naye alipata kombe mdogo sana. Bibi alimchukua, akamrudisha mchangani.

"Huyu hajazaa bado," alisema. "Tukiwamaliza wadogo, mwakani tutaokota nini?"

Maji yalipoanza kujaa, wote walirudi nyumbani bila kukawia.

Kombe hulaje?

Maji yanapomfunika, kombe hufungua gamba lake kidogo na kuvuta maji ndani. Matamvua yake huchukua hewa iliyomo majini, na pia huchuja mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho. Hicho ndicho chakula chake. Maji yanapokupwa, hujifunga ili asikauke.

Lakini matamvua hayachuji chakula peke yake. Maji yakiwa na uchafu, kombe huchuja hata vijidudu vya maradhi. Kwa sababu hiyo, kombe wa karibu na mifereji ya maji machafu hawafai kuliwa.

Kupika kombe

Mama aliwaweka kombe katika maji safi ya bahari kwa saa kadhaa ili wateme mchanga. Kisha alimgusa kila kombe aliyekuwa wazi. Aliyejifunga alikuwa hai. Asiyejifunga alikuwa amekufa, naye alitupwa, kwa maana kombe aliyekufa huoza upesi na anaweza kumdhuru mlaji.

Waliobaki walichemshwa. Baada ya muda magamba yalifunguka. Nyama ilitolewa, ikapikwa kwa kitunguu, ndimu na tui la nazi, ikaliwa kwa wali.

Kwa nini gamba hufunguka?

Vipande viwili vya gamba vimeunganishwa kwa kano inayonyumbuka. Kazi ya kano ni kulifungua gamba. Ndani mna misuli miwili yenye nguvu, ambayo kazi yake ni kulifunga. Kombe anapochemshwa hufa, na misuli yake huachia. Kano hubaki peke yake, nayo hulifungua gamba.

Jambo la kufanya

Chukua gamba la kombe aliyepikwa karibuni, ambalo vipande vyake bado vimeungana. Libane kwa vidole mpaka lifunge, kisha liachie. Linafanya nini? Vidole vyako vilifanya kazi ya sehemu gani ya mwili wa kombe? Wanafunzi wanaoishi kando ya maziwa wanaweza kutumia kombe wa maji baridi.

Maswali

1. Bamvua hutokea wakati gani wa mwezi? Eleza sababu yake.
2. Kombe hufanya nini maji yanapokupwa? Kwa nini?
3. Mama alimtambuaje kombe aliyekufa kabla ya kupika?
4. Kwa nini si salama kula kombe waliookotwa penye maji machafu?
5. Watu wa kijiji kimoja wakiokota kombe wakubwa na wadogo kila siku, itatokea nini baada ya miaka michache?