SOMO LA WIKI: Binti Yako Anakutazama
Andiko: 2 Timotheo 1:5

Paulo anamkumbusha Timotheo kwamba imani yake ilikaa kwanza ndani ya nyanya yake Loisi, kisha mama yake Eunike. Sisi kina mama wa Makongeni tunalipenda andiko hili. Lakini watoto hawarithi imani peke yake. Wanarithi mazoea pia.

Mimi nina presha. Kwa miaka mingi nilimeza dawa kichwa kikiniuma tu. Nikijisikia poa, naziacha kabatini nasema nimepona. Binti yangu alipokuwa mjamzito, kliniki walimpima wakapata 150 kwa 100, wakampa dawa. Baada ya wiki moja akaacha. Nilipomuuliza akanijibu, "Mama, si hata wewe huacha ukijisikia vizuri?" Nikakosa la kusema. Siku chache baadaye alishikwa na kifafa cha mimba usiku. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati. Namshukuru Mungu, wote wawili wako hai.

Wapendwa, presha ikifika 140 kwa 90 iko juu, hata kama husikii chochote. Na kumeza dawa si kukosa imani. Luka, mwenzake Paulo, alikuwa daktari (Wakolosai 4:14). Siku hizi nameza zangu mezani, watoto wakiona.

Swali la kutafakari: Mtoto wako akifuata unavyofanya, si unavyosema, atakuwa salama?