Haikushuka, Niliishusha

Somo: Kutoka 26:1-6, 31:1-11



Vijana wenzangu, mimi ni mtu wa mitambo. Parokiani najitolea kwenye miksa, na hata nyumbani starehe yangu ni kufungua redio mbovu na kuunga waya. Nikisikia wimbo, kabla ya maneno najiuliza hiyo ni spika gani. Dada mmoja anayetuimbia wimbo wa katikati ni kinyume changu kabisa. Yeye hulia mazoezini, machozi ya kweli, kisa mstari mmoja wa zaburi.

Jumatano ya Majivu tulikuwa na Zaburi ya 51. Alipofika shairi la pili nikaona taa za miksa zimeshuka, nikampandisha. Akazidi kushuka, nikazidi kupandisha, mpaka maiki ikapiga mluzi kanisa zima. (Mluzi ule hutokea sauti ya spika inapoingia tena kwenye maiki, ikakuzwa, ikatoka, ikarudi, ikazunguka hivyohivyo.) Baada ya Misa nikamfuata nimekasirika.

“Dada, sauti yako ilishuka, ndiyo maana.”

Akaniangalia. “Haikushuka. Niliishusha.”

Jamani! Zaburi ya toba, nani anaomba msamaha kwa kupaza sauti? Alikuwa anasali, mimi nikaona hitilafu.

Sisemi hana lake. Huwa anatembea mbele ya spika na maiki mkononi, halafu mluzi ukitokea anasema mitambo yetu mibovu. Ukimwomba asimame nyuma ya spika anahisi umemfunga kamba. Kwake vipimo ni usumbufu wa watu wasio na moyo.

Kwa hasira zangu nikafungua Kutoka 26, nikitafuta jinsi ya kumjibu. Zamani sura hizi nilikuwa naziruka. Aya ya 1 inaagiza mapazia 10 ya maskani yatiwe makerubi, kazi ya fundi stadi. Hapo hapo, aya ya 2, vipimo: urefu dhiraa 28, upana dhiraa 4, yote sawasawa. Kisha vitanzi 50 upande huu, 50 upande ule, vikabiliane, na vifungo 50 vya dhahabu vya kuyaunganisha. Yaani kerubi na kipimo viko kwenye kitambaa kimoja. Kerubi mzuri kwenye pazia lenye vitanzi pungufu, maskani haifungi. Pazia lenye vipimo sahihi bila kerubi, hilo ni turubai tu.

Katika sura ya 31 Mungu anamtaja Besaleli kwa jina, na kusema amemjaza roho yake ili abuni kazi za ustadi, achonge mawe ya kutiwa mahali pake, achonge miti. Kubuni na kuchonga, vyote kwa roho uleule. Na hata huyo aliyejazwa hivyo hakuachwa peke yake; akapewa Oholiabu. Hapo ndipo nilipokwama. Jibu la kumpelekea dada yule sikulipata.

Nikaenda kuungama. Kupenda waya si dhambi, ila kwa muda mrefu nilikuwa nikiwaita waimbaji “watu wa hisia”, kwa dharau, kana kwamba anayejua namba anamjua Mungu zaidi. Padre akaniambia nikae kwenye mazoezi ya kwaya mwezi mzima bila kugusa miksa. Wiki ya kwanza niliteseka, mikono inawasha. Wiki ya tatu nikasikia besi wakipunguza ili alto wasikike, bila mtu kuwagusia kitufe.

Wewe je, yupo unayemrekebisha kila siku bila kumuuliza alikuwa anafanya nini?

Siku hizi dada huniandikia kwa penseli, kwenye karatasi ya zaburi, mahali atakaposhusha. Mimi nimembandikia selotepu sakafuni, na anasimama hapo, siku nyingi. Ila kebo bado anaichomoa kwa kuvuta waya, na hilo tunaendelea kuliombea.