Neno "Kumisi" na Utambuzi wa Hitilafu za Injini
Katika gereji za Kitengela na Kajiado, injini ya gari kuukuu inayotetemeka ikiwa sailensa husemwa "inamisi". Kisemantiki, neno hili lataja dalili, wala si chanzo. Anayelifasiri kuwa "plagi mbovu" huenda akanunua plagi bure. Fundi stadi huchomoa waya wa plagi mmoja mmoja, kwa koleo lenye mpini wa mpira, injini ikinguruma. Mngurumo usipobadilika, silinda hiyo ndiyo isiyofanya kazi. Kisha huihamishia plagi yake silinda nyingine: hitilafu ikiifuata, plagi ni mbovu, isipoifuata, huchunguza waya, mafuta na mgandamizo. Tetemeko likipungua mwendo uongezwapo, hushuku mpira wa hewa uliopasuka. Hivyo basi, kamusi ya ufundi ifafanue "kumisi" kama dalili, mteja asije akalipia kisichoharibika.