Jua Haki Zako: Mhandisi Uliyemlipa Akimpa Mwingine Kazi Yako

Unapomlipa mhandisi akuandalie michoro ya nguzo, boriti na jamvi la nyumba ya ghorofa, mara nyingi kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Kampuni uliyosaini nayo mkataba huenda ikampa mwingine mahesabu ya nondo, ikampa wa tatu upimaji wa udongo, na michoro ikamaliziwa na fundi sanifu ambaye hujawahi kumwona. Kugawana kazi hivyo kwenyewe si kosa. Hoja yangu ni kwamba kazi ya kihandisi inaweza kugawanywa, lakini dhamana yake inabaki kwa aliyekubali kuifanya na kuigongea muhuri. Kwa sababu hiyo, anayelipa anastahili kuambiwa mapema nani atafanya nini, na kwa usajili gani.

Tanzania Bara, Sheria ya Usajili wa Wahandisi, Sura ya 63, hairuhusu mtu kutoa huduma za kihandisi bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Usajili wenyewe una ngazi. Mhandisi mhitimu bado anajifunza chini ya uangalizi. Mhandisi mtaalamu na mhandisi mshauri wamekwisha kupita hatua hiyo. Kampuni ya ushauri wa kihandisi nayo lazima isajiliwe. Na mtaalamu kutoka nje ya nchi anahitaji usajili wa muda. Mkandarasi anayejenga yuko chini ya bodi nyingine, CRB, na cheti chake ni cha kujenga. Hapo wengi hunaswa: mkandarasi anasema michoro yote ataishughulikia yeye, mteja anaridhika, na hakuna anayeuliza mhandisi ni nani. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, nayo ina la kusema. Ikionekana kuwa wahusika walikusudia ahadi itekelezwe na aliyeitoa mwenyewe, ni lazima aitekeleze mwenyewe. Vinginevyo anaweza kumtumia mtu mwenye uwezo wa kuifanya. Kwa kazi ya kihandisi, uwezo huo unaanzia kwenye usajili.

Madhara ya kupuuza jambo hili yalionekana Kansas City, Marekani, tarehe 17 Julai 1981, pale madaraja mawili ya ndani katika hoteli ya Hyatt Regency yalipoporomoka na kuua watu 114. Mchoro wa awali ulitaka daraja la ghorofa ya nne na la ghorofa ya pili yaning'inie kwenye fito zilezile ndefu za chuma kutoka darini. Kwenye michoro ya kiwandani kila ufito mrefu ukageuzwa kuwa fito mbili fupi, daraja la chini likawa linaning'inia kwenye boriti za lile la juu. Badiliko hilo liliongeza maradufu mzigo kwenye nati zilizobeba boriti za daraja la juu. Mtengenezaji wa vyuma alikuwa ameipa kampuni nyingine kazi ya kuchora. Waliochora waliamini maungio yamekwisha kukokotolewa na wahandisi. Wahandisi nao waliamini kazi hiyo ni ya mtengenezaji. Michoro ilirudi kwa wahandisi ikagongwa muhuri, na maungio yale hayakuwa yamekokotolewa na mtu yeyote. Wahandisi walijitetea kwamba ndiyo desturi ya fani. Bodi ya jimbo la Missouri iliwafutia leseni, na mwaka 1988 mahakama ya rufaa ya jimbo ikaunga mkono uamuzi huo. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, lakini inaonyesha kinachotokea kila mmoja anapodhani mwenzake ndiye aliyehakikisha.

Wapo watakaosema kwamba hakuna ofisi yenye utaalamu wote, na kwamba wahandisi vijana watajifunzaje wasipopewa kazi. Ni kweli, na ndiyo maana sipingi ugawaji wenyewe. Kijana afanye mahesabu, mradi mhandisi mtaalamu ayapitie mstari kwa mstari kabla ya kusaini. Wengine husema muhuri ukishagongwa inatosha. Muhuri wa mtu aliyeuza saini yake kwa michoro asiyoisimamia haumlindi atakayelala chini ya jamvi hilo, na kufanya hivyo ni kinyume cha maadili ya taaluma. Hoja ya gharama ina uzito zaidi, kwa kuwa wengi wetu tunajenga kidogokidogo. Lakini kuuliza namba ya usajili na kuihakiki kwa Bodi si gharama ya kumshinda mtu anayemudu kumwaga zege la ghorofa.

Basi, kabla ya kulipa kianzio, taka mkataba wa maandishi unaomtaja kwa jina na namba ya usajili mhandisi anayewajibika. Weka kifungu kwamba sehemu yoyote ya kazi haitapewa mtu mwingine bila idhini yako ya maandishi, na kwamba aliyesaini mkataba anawajibika kwa kazi yote hata akiigawa. Dai nakala za michoro pamoja na mahesabu yake. Badiliko lolote saiti lirudi kwa mhandisi huyohuyo. Fundi akikwambia nondo za milimita 16 zimeadimika na za milimita 12 zitafaa, kumbuka kuwa ya 12 ina chuma kinachozidi kidogo tu nusu ya ile ya 16. Uamuzi huo si wa fundi, na si wako.

Mambo yakiharibika, mdai uliyesaini naye mkataba. Hawezi kukufukuza ofisini kwake kwa kusema kosa ni la yule mwingine aliyegawiwa kazi. Hilo watalimaliza wao wawili. Aliyefanya kazi kwa uzembe naye anaweza kushtakiwa kwa madhara aliyosababisha. Lalamiko la kitaaluma lipeleke ERB kwa maandishi, ukiambatanisha mkataba, risiti na michoro. Bodi ina mamlaka ya kumchukulia mhandisi hatua za nidhamu, hata kumfuta kwenye daftari. Fidia, hata hivyo, hudaiwa mahakamani, na muda una mwisho: kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, dai la mkataba lina miaka 6, na dai la madhara ya uzembe lina miaka 3. Tunza kila karatasi, na ukiona ufa usioeleweka, andika barua siku hiyohiyo na umwone wakili mapema.