Yakobo Alibarikiwa Akaondoka Akichechemea

Somo: Mwanzo 32:22-31, Yohana 9:1-3, 2 Wakorintho 10:10-16

Somo la leo ni la kila mtu ambaye mwili wake umewahi kuwa mada ya watu wengine. Mnene, mwembamba, mfupi, mwenye kovu, mwenye kigugumizi. Watu wanakuangalia mara moja, halafu wanakupangia maisha: hii utaweza, ile wachia wengine.

Polio ilinishika mguu nikiwa mtoto, na natembea na gongo hadi leo. Uponyaji naamini kabisa. Naombea wagonjwa na nimeona Bwana akitenda. Lakini katika kanisa moja nililokuwa zamani, kila mhubiri mgeni akija, wa kwanza kuitwa mbele ni mimi. Nikirudi kiti na gongo langu, minong'ono inaanza: "Huyo imani ni kidogo," ama "Labda kuna dhambi kwao." Nilipoomba kufundisha watoto, niliambiwa nipone kwanza. Hawakunichukia. Walinipenda! Lakini hukumu hata ikija na upendo inafunga mtu. Nilienda kwa Neno, na Neno likanifungua kwa njia tatu.

1. Si lazima ujibu swali baya.
Wanafunzi walimuuliza Yesu kuhusu yule kipofu: nani alitenda dhambi, yeye ama wazazi wake? Swali lilikuwa na majibu mawili tu, na Yesu akakataa yote mawili. Mtu akikuletea swali kama hilo juu ya mwili wako, usichague. Kataa na wewe.

2. Baraka na kuchechemea vinaweza kukaa kwa mtu mmoja.
Yakobo alivuka Yaboki akiwa na miguu miwili mizima. Aliondoka Penieli na jina jipya, Israeli, na paja limeteguka. Hebu fikiria angepita hapa kwetu asubuhi ile. Tungemkimbilia tumwombee, tukisema adui amempiga! Kumbe ametoka kukutana na Mungu usiku huo huo.

3. Utumishi haungoji kibali cha macho ya watu.
Wakorintho walisema barua za Paulo ni nzito, lakini yeye mwenyewe akija ni dhaifu na maneno yake si kitu. Paulo hakuficha maneno hayo, aliyaandika. Halafu katika sura hiyo hiyo anapanga kupeleka Injili mbali kuwapita hao Wakorintho. Walimpima, na yeye akaendelea na safari.

Hapa kwetu tunaye Henry Wanyoike. Aliamka asubuhi moja mwaka 1995 haoni. Mwaka 2000 alikimbia mita 5,000 katika Michezo ya Walemavu ya Sydney. Karibu na mwisho, kiongozi wake akaishiwa nguvu. Wanyoike akamvuta hadi kwenye utepe, akachukua dhahabu. Aliyedhaniwa ni wa kuongozwa tu ndiye aliyevuta mwenzake.

Tufanye nini wiki hii?

Kwanza, taja kazi moja uliyoacha kwa sababu mtu alisema mwili wako haufai. Kwaya, biashara, masomo, hata kusimama kutoa ushuhuda. Anza hatua moja kabla ya Jumapili.

Pili, kabla hujamwekea mtu mikono, muulize anataka nini. Yesu alimuuliza Bartimayo, na Bartimayo alikuwa kipofu waziwazi (Marko 10:51). Mwenye gongo huenda anaombea karo ya mtoto, si mguu.

Mimi bado namwomba Mungu juu ya mguu huu. Akiuponya leo, nitaruka. Asipouponya, Jumapili nina darasa la watoto thelathini, na wananingoja.

Tuombe: Baba, tuondolee vipimo vya watu. Tutume tulivyo, na utuguse unavyotaka wewe. Katika jina la Yesu, Amina.