Njia Hufa Vipi? Madereva wa Uingereza na Ua wa Michongoma

Mhariri aliponipa nafasi hii aliniagiza niandike juu ya methali. Nimemwomba radhi. Methali zimeandikwa humu mwaka nenda mwaka rudi, na mimi nina jambo linaloniwasha. Nataka kuandika juu ya njia.

Nasema njia, sisemi barabara. Lugha yetu haina uhaba hapa. Kuna barabara, kuna njia, kuna kijia, kuna kichochoro cha mjini, na kuna ushoroba ambao siku hizi tumewaachia ndovu. Na hiyo barabara yenyewe ina maana nyingine ya “sawasawa” au “kamili”, kana kwamba njia ambayo si barabara ni kitu kisichokamilika. Ndivyo wengi wanavyofikiri, na ndiyo sababu njia ndogo zinakufa bila mtu kulia.

Wanaokaa na mimi darasani wanajua kuwa muhula wa kwanza nilichelewa mara kumi na moja. Mwalimu wa zamu alifikia hali ya kuniita “mgeni wetu”. Sikuwa mvivu. Sisi wa kutwa tunaotoka ng'ambo ya mto tulikuwa na njia yetu: inatoka kivukoni, inapanda ukingoni mwa shamba la ng'ombe, inapita chini ya mikaratusi mitatu na kutokea nyuma ya jiko la shule. Dakika ishirini na tano, hata ukiwa na mzigo. Januari shamba likauzwa. Mwenyewe mpya akazungusha seng'enge, na nyuma ya seng'enge akapanda michongoma. Sasa tunazunguka na barabara ya magari, saa moja na dakika kumi, na wakati wa mvua ni zaidi. Wazee walipokwenda kwa chifu aliwauliza swali moja tu: “Hiyo njia iko wapi kwenye ramani?” Kwenye ramani kuna mto, kuna barabara, kuna nambari za mashamba. Njia yetu haimo.

Sasa msiniulize mbona nawapeleka Uingereza. Nitawaambia.

Mjomba wangu ni fundi wa magari. Kila mwaka, miezi michache kabla ya Rhino Charge, gereji yake hujaa Landrova zilizobomolewa zikisubiri kuchomelewa vyuma vipya. Wengi wenu mmeisikia Rhino Charge. Ilianza 1989. Magari hupewa vituo 13 vya kufikia porini, mahali pasipo na barabara, kwa muda wa saa kumi, na anayeshinda si mwenye mbio bali yule aliyevifikia kwa umbali mfupi zaidi. Pesa zinazochangwa huenda kwa shirika la Rhino Ark, na ndizo zilizosaidia kujenga uzio wa umeme wa karibu kilomita 400 kuizunguka Aberdare, uliokamilika 2009. Sisi tulio chini ya mlima huo tunajua maana yake. Nyanya yangu anakumbuka usiku wa kupiga madebe ili ndovu wasimalize mahindi.

Basi siku moja nilikuwa gerejini nikilalamika juu ya seng'enge. Mteja mmoja Mwingereza, mtu mzima mwenye kupenda magari haya kama roho yake, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja: “Nyinyi mliandika hiyo njia?” Nikasema hapana. Akatikisa kichwa. “Hata sisi hatukuandika,” akasema, “na zetu zilikufa siku moja, zote pamoja.” Nilidhani anatia chumvi. Nikaenda kusoma, nikakuta hakutia chumvi nyingi.

Kule Uingereza mtu ana haki ya kupita katika shamba la mwingine ikiwa pale pana njia ya umma. Hahitaji kupiga hodi. Njia hizo zikiunganishwa pamoja, kwa England peke yake, zinakaribia kilomita 190,000. Lakini hazilingani. Kuna ya waendao kwa miguu tu. Kuna ya miguu na farasi, na tangu 1968 baiskeli pia. Kuna ya mikokoteni na vyote visivyo na injini. Halafu kuna ya vyombo vyote, hata gari, na hii ni sehemu ndogo mno, kama mbili kwa mia. Njia ya udongo ya aina hii ndiyo wapenzi wa magari ya porini huitafuta siku za mapumziko. Wana vyama vyao: wa pikipiki wana Trail Riders Fellowship, iliyoanzishwa 1970, na wa magari wana Green Lane Association.

Sheria yao ya kale inashikilia kwamba njia ikishakuwa ya umma hubaki ya umma, hata isipotumika miaka mia. Sheria ya 1949 ikaziagiza serikali za wilaya zichore ramani rasmi ya njia zote. Hapo ndipo kisa kinapoanza, maana ramani ile haikuchorwa barabara. Njia nyingi ziliandikwa kwa cheo cha chini kuliko haki yake, nyingine hazikuandikwa kabisa. Hata hivyo, kukosa kuandikwa hakukuua haki. Ungeweza kufukua ramani ya 1820, ukaonyesha kwamba magari ya farasi yalipita pale, na kwa kuwa gari la farasi ni chombo, basi na gari la mota lina ruhusa.

Sijui nyinyi mnaonaje, lakini mimi niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Mkulima wa 1820 aliyepeleka nyasi sokoni kwa farasi wawili angejuaje kwamba anawafungulia mlango watu wa Landrova?

Wenye mashamba na wapenda kutembea hawakucheka. Walilalamika kuhusu kelele, na zaidi kuhusu matope. Ardhi ya kule hulowa majira ya baridi, na gari zito likipita juu ya udongo uliolowa huacha mitaro ambayo mtu wa miguu hawezi kuivuka. Ipo njia moja ya kale iitwayo Ridgeway, ambayo sehemu zake hufungwa kwa magari miezi ya mvua kwa sababu hiyo. Lazima niseme ukweli hapa, ijapokuwa mjomba hatafurahi: malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Nimeona barabara yetu baada ya lori la mbao kupita mwezi wa Aprili. Vyama vyenyewe vilijua, na wanachama wake wengi walijitolea kujaza mashimo na kuwakanya wenzao. Lakini mtaro hauonyeshi umechimbwa na mwanachama au na mhuni wa usiku.

Ndipo Bunge likatunga sheria ya 2006. Tarehe 2 Mei mwaka huo, katika England, haki ya kupitisha gari la mota ilifutwa katika kila njia ambayo ramani rasmi haikuitambua kuwa ya magari. Yaliachwa mambo machache tu: kwa mfano njia ambayo kwa miaka mitano iliyotangulia ilitumiwa na magari kuliko watu wengine, au ile iliyokuwa tayari katika orodha ya njia zinazotengenezwa kwa pesa za serikali. Na kwa wale waliokuwa wamekwisha kuomba njia iandikwe, ombi liliokolewa ikiwa tu liliwasilishwa kabla ya 20 Januari 2005. Mlinganishe tarehe hizo mbili. Mlango ulifungwa kwa kurudi nyuma, ili watu wasije wakakimbilia ofisini na mabunda ya maombi.

Tena si kila aliyewahi alipona. Chuo cha Winchester, shule iliyoanzishwa 1382 (ndiyo, shule kama sisi, ila ina mashamba), kilikwenda mahakamani kupinga maombi ya namna hiyo katika wilaya ya Hampshire. Waombaji walikuwa wametaja hati zao za ushahidi lakini hawakuambatisha nakala zake. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufani ikasema: ombi lisiloambatishwa hati si ombi. Haki ya magari ikafa kwa sababu ya karatasi ambazo hazikutiwa ndani ya bahasha. Nilipofika hapo niliwakumbuka wenzangu wanaosahau kuandika nambari ya mtihani.

Mwaka 2015 watu wa pikipiki walipata ushindi mmoja. Wilaya ya Dorset ilikuwa imekataa maombi yao matano kwa sababu ramani walizoleta zilikuwa za kipimo cha 1:50,000 zilizokuzwa kwa kompyuta, hali sheria inataka kipimo kisichopungua 1:25,000. Mahakama ya Juu ya kule ikaamua kuwa ramani iliyokuzwa inatosha. Hesabuni wenyewe: maombi ya kabla ya 2005, jibu 2015, na bado walikuwa wanabishania ukubwa wa karatasi, hawajafika kwenye njia yenyewe.

Jambo lililonikaa moyoni hata hivyo si hilo la magari. Kule wana kanuni nyingine, ya 1980: umma ukiitumia njia miaka 20 bila kukatizwa, huhesabiwa kwamba mwenye ardhi aliitoa kwa umma, isipokuwa aonyeshe kwamba hakukusudia. Nikajiuliza, na sisi je? Mwalimu wetu wa Historia akanipa sheria ya Kenya ya muda wa mashtaka, Sura ya 22, kifungu cha 32. Ingawa yetu inahusu haki ya shamba kupitia shamba, si ya umma mzima, miaka ni ile ile 20. Mtu akitumia njia ya namna hiyo kwa amani, waziwazi, kama haki yake, bila kukatizwa, kwa muda huo, haki yake haivunjiki.

Miaka 20! Nyanya peke yake ana miaka hamsini katika njia ile, akipeleka maziwa. Nilikimbia nyumbani.

Lakini angalieni yale maneno “kama haki yake”. Wanasheria huyafafanua hivi: hukupita kwa nguvu, hukupita kwa kificho, na hukupita kwa ruhusa. Hilo la tatu ndilo lililoninyima usingizi. Ukimwomba mwenye shamba, naye akakubali, basi unapita kwa hisani yake, na hisani haizai haki hata ikifika miaka mia. Ndiyo maana watu wa Rhino Charge hawadai njia yoyote. Kila mwaka huenda mahali pengine, huwaomba wenye ardhi, hushindana, huondoka. Wao wameridhika na hivyo. Sisi tungeridhika? Na sisi wa huku tumelelewa kuomba. Mtoto asiyepiga hodi huitwa hana adabu. Je, adabu ya nyanya ndiyo iliyoiua njia yetu?

Nilimkuta akichambua mboga. Nikamwuliza polepole, maana niliogopa jibu.

“Nyanya, yule mzee wa shamba la ng'ombe, marehemu, mlikuwa mnamwomba ruhusa ya kupita?”

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama huomba ruhusa ya kupumua. “Kuomba nini, mjukuu wangu? Njia ilikuwapo kabla yake. Nilikuwa namsalimia tu.”

“Mlimsalimia vipi?”

“Namwambia habari za asubuhi, naye ananiuliza maziwa ni kiasi gani leo. Siku nyingine namwachia chupa moja.”

“Ile chupa ilikuwa ya kulipia njia?”

Hapo alikasirika kweli. Akaniambia chupa ile ilikuwa ya ujirani, na kwamba kama shule inatufundisha kuona salamu ni ombi, afadhali nirudi nimsaidie kukamua. Nami nikaandika maneno yake kama yalivyo katika daftari, kwa sababu mwanasheria hodari hawezi kuyapanga vizuri zaidi.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi mimi na wenzangu wawili wa kidato cha pili tunazunguka ng'ambo ya mto. Tumeandika wazee kumi na wanne hadi sasa: jina, tangu mwaka gani, walipita wakibeba nini, kama kuna aliyewahi kuwazuia. Mmoja alikataa kuandikwa kwa kuwa mwanawe ameajiriwa katika shamba lile, nasi hatukumlaumu. Mwingine alisema wazi kwamba yeye aliomba ruhusa, na tumeyaandika hayo pia. Tumechora ramani kwa rula, na nimehakikisha kipimo chake kinazidi 1:25,000. Kila nakala tunaiambatisha pale pale.

Chifu ameita baraza Jumanne ya pili baada ya shule kufungwa, na mwenye shamba ameahidi kufika. Hatujui atakuja na nini. Labda atakubali kijia kando ya ua, labda tutaambiwa twende Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Michongoma imefika kiunoni. Mimi natoka nyumbani saa kumi na moja na robo, na mwalimu wa zamu hajaniita mgeni tangu Juni.